Mtihani wa leseni ya tiba ya Kichina: je, mdogo wangu aufanye huko China kabla ya kurudi Dar es Salaam?

Kaka wa Tabata

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu kuhusu jambo ambalo limetugawa nyumbani kwetu. Mdogo wangu wa kike yuko China, mwaka wa mwisho wa shahada ya tiba asili ya Kichina, ile ya miaka mitano, na amesoma kwa lugha ya Kichina tangu mwanzo. Mpango wa familia ulikuwa amalize, arudi, kisha tumsaidie kufungua kliniki ndogo ya tiba ya sindano na mitishamba huku kwetu Tabata au Segerea, ambako wazee wenye maumivu ya mgongo na magoti, na wengine waliopata kiharusi, hulazimika kupanda daladala mpaka Kariakoo au Upanga kuifuata huduma hiyo.

Sasa anatueleza kwamba kule shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa tabibu. Upo mtihani wa taifa wa leseni, na ili aruhusiwe kuufanya ni lazima kwanza afanye kazi mwaka mzima chini ya daktari mwenye leseni. Anaomba akae huo mwaka. Mama anataka arudi. Baba hajakataa, ila anauliza swali ambalo mimi ninayetuma fedha za matumizi sijaweza kumjibu: karatasi ya leseni ya China itamsaidia nini mtu atakayetibu watu wa Tabata?

Ningependa kuelewa mtihani huo unapima nini hasa, na ukoje ukilinganishwa na wa nchi nyingine, kwa sababu kuna rafiki anayemshawishi aachane na China na kuelekea Australia au Marekani. Zaidi ya yote, ningependa kujua mamlaka zetu hapa nyumbani humtazama vipi mtu wa namna yake. Naomba anayejibu ajibu kwa analolijua. Nimeshachoshwa na majibu ya vijiweni.

Mhitimu wa Nanjing

Kaka, pole na majukumu. Nilisoma tiba hiyo hiyo Nanjing na nikaufanya mtihani huo kabla ya kurudi, kwa hiyo nitajibu sehemu inayohusu China na kuwaachia wengine ya hapa nyumbani.

Anachosema mdogo wako ni kweli. Sheria ya madaktari ya China ilipitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika Mei 1999. Mwaka 2022 nafasi yake ikachukuliwa na sheria mpya, lakini msingi haukubadilika. Mwenye shahada hufanya kwanza mwaka mmoja wa kazi kwa vitendo chini ya uangalizi, ndipo anaruhusiwa kuingia kwenye mtihani. Mtihani una ngazi mbili, ya daktari na ya daktari msaidizi, na tiba ya Kichina ni fungu linalojitegemea, sambamba na tiba ya kisasa, meno na afya ya jamii. Ndani ya fungu hilo mna njia ya tiba ya Kichina yenyewe, ya tiba za makabila kama Watibeti na Wamongolia, na ya wale wanaochanganya tiba ya Kichina na ya kisasa.

Kwa kawaida mtihani wa vitendo hutangulia katikati ya mwaka, na anayeushinda huendelea na wa nadharia mwezi Agosti. Wa vitendo una alama 100 na unahitaji 60. Wa nadharia kwa ngazi ya daktari ni maswali 600 ya kuchagua jibu, yaliyogawanywa katika sehemu nne za maswali 150, kila sehemu saa mbili, na kufaulu ni alama 360. Ngazi ya msaidizi ina maswali 300 na inahitaji 180. Jambo ambalo watu wa nje hawalitarajii ni kwamba maswali hayakai kwenye tiba ya Kichina peke yake. Utaulizwa nadharia ya mapigo na ulimi, mimea na michanganyiko yake, maandishi ya matabibu wa kale, magonjwa ya ndani, ya wanawake na ya watoto, lakini pia uchunguzi wa tiba ya kisasa, magonjwa ya kuambukiza, sheria za afya na maadili ya kazi. Asiyeweza kusoma majibu ya kipimo cha damu au mchoro wa mapigo ya moyo hatoki salama, hata akiwa hodari wa sindano namna gani.

Ila mimi nitamwambia baba yako kuhusu chumba cha vitendo, kwa kuwa ndicho kilichonifanya nione kwamba mwaka ule haukupotea. Unapewa maelezo ya mgonjwa kwenye karatasi: umri, malalamiko, ulimi una rangi gani na utando gani, mapigo yakoje. Unatakiwa kuandika ni ugonjwa gani, ni aina gani ya mvurugiko ndani ya ugonjwa huo, kanuni ya tiba, jina la mchanganyiko, kisha kila mmea na uzito wake kwa gramu. Baadaye unasimama mbele ya mtahini na kuambiwa, kwa mfano, uonyeshe Zusanli, pointi ya mguuni inayotumika sana kwa matatizo ya tumbo. Unakunja goti la mtu, unatafuta kishimo cha nje chini ya kifupa cha goti, unashuka kwa upana wa vidole vinne vilivyobanwa, kisha unasogea upana wa kidole kimoja kutoka kwenye ukingo wa mbele wa mfupa wa muundi. Vidole vinavyohesabika ni vya mgonjwa, si vyako, kwa maana kipimo hufuata mwili wa anayetibiwa. Mtahiniwa mwenye viganja vipana anayepima kwa mkono wake kwenye mguu wa mtu mwembamba atakosea. Mtahini anatazama kama umesafisha ngozi, umeshika sindano wapi, umeiingiza kwa pembe ipi, na unajua la kufanya mgonjwa akianza kutoka jasho na kuishiwa nguvu huku sindano zikiwa bado mwilini.

Mtu asiyekufahamu, asiyekupenda wala kukuchukia, anaikagua mikono yako kabla hujakabidhiwa mwili wa mtu. Chuoni unakaguliwa na mwalimu wako, aliyekuzoea. Kwa tabibu atakayefanya kazi peke yake katika kliniki ya mtaani, bila daktari mkubwa wa kumuuliza, ukaguzi ule nauona kuwa na thamani kuliko shahada yenyewe.

Ayaweke na haya akilini. Kufaulu mtihani ni hatua moja. Kule mtu huhitaji pia kusajiliwa katika mamlaka ya afya ya eneo anakofanyia kazi ndipo atibu kihalali. Kwa mhitimu wa kigeni, namna ya kuupata ule mwaka wa vitendo pamoja na kibali cha kuishi hutegemea hospitali na jimbo, kwa hiyo aongee na chuo chake mapema, kabla muda wa kibali cha uanafunzi haujaisha. Mtihani wenyewe ni wa Kichina. Kwa kuwa amesoma kwa Kichina, hilo halitamtisha.

Bibi Afya Ilala

Mwanangu Kaka wa Tabata, mimi nimestaafu baada ya miaka mingi katika ofisi ya afya ya wilaya hapa Dar es Salaam, nami nitajibu lile swali la baba yako.

Leseni ya China haimpi mtu haki ya kutibu Tanzania. Leseni ya nchi yoyote huishia kwenye mpaka wa nchi iliyoitoa, na hata daktari wa upasuaji kutoka hospitali kubwa ya nje hujisajili hapa kabla ya kushika kisu. Lenye kuwachanganya wengi ni kujua mlango wa kugonga. Wahitimu wa tiba ya Kichina huenda wakaanza na Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sababu kwenye cheti chao pameandikwa shahada ya tiba. Baraza hilo ni la waliosomea udaktari wa tiba ya kisasa. Sindano na mitishamba ya Kichina, kwa sheria zetu, viko upande wa tiba mbadala, na upande huo una sheria yake, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya wizara ya afya. Huko ndiko anakosajiliwa mtoa huduma, na kituo anachotolea huduma nacho kina usajili wake. Msije mkadhani kwamba jina lake likishaingia kwenye daftari basi mnaweza kutundika kibao kwenye fremu yoyote ya duka.

Kabla ya hapo, shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ili itambuliwe. Hatua hii watu huiacha mpaka siku wanapoihitaji, kisha wanaanza kuhangaika kutafuta nakala za matokeo kwenye chuo kilicho maelfu ya kilomita, kwa lugha ambayo mfanyakazi wa hapa haisomi. Mwambie mdogo wako asiondoke China bila cheti, orodha ya masomo na alama, barua ya hospitali inayoeleza alifanya mafunzo idara zipi na kwa muda gani, na tafsiri zilizothibitishwa za karatasi zote hizo. Akiwa na mawazo ya kufanya kazi Unguja au Pemba, ajue kwamba afya si jambo la Muungano, na Zanzibar ina taratibu zake.

Hapo ndipo ninapoungana na Mhitimu wa Nanjing, ingawa kwa sababu nyingine. Jirani zenu wa Tabata hawana njia ya kumtofautisha mtu aliyesoma miaka mitano na mtu aliyejifunza kuchoma sindano kwa kutazama video. Wote wawili wamevaa koti jeupe, na wote wawili wana picha ya mwili yenye mistari ukutani. Watu wa mji huu wana imani ya zamani na tiba ya Kichina: madaktari wa China walianza kuja Zanzibar mwaka 1964 na Bara mwaka 1968, na wapo wazee wanaoamini dawa yoyote kwa kuona maandishi ya Kichina juu ya boksi. Imani hiyo ni dhamana, na nimeona ikitumiwa vibaya. Niliwahi kuingia katika chumba kimoja cha huduma, ambacho sitakitaja, nikakuta sindano zilizotumika zimerudishwa kwenye kisahani cha spiriti zikisubiri mgonjwa mwingine, katika nchi ambayo kila mtu anajua habari za homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Aliyekuwa akitibu pale alikuwa mpole, mchangamfu, na wagonjwa wake walimpenda.

Ndiyo maana natamani sana siku moja usajili wa watu wa sindano hapa kwetu usimame juu ya mtihani wa vitendo, wa Kiswahili, mbele ya watahini wanaoijua kazi yenyewe. Tunayo Taasisi ya Tiba Asilia pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1974, na tunao vijana waliosoma nje. Wataalamu wa kuuandaa hawakosekani. Mdogo wako aliyekwisha kupita kwenye mtihani wa namna hiyo atakuwa mmoja wa watu wa kusaidia kuuandaa.

Mfamasia wa Upanga

Shikamoo Bibi Afya, na asante kwa kulisema hilo la sindano. Nitaongeza upande wa dawa, kwa kuwa wengi wakisikia mtihani wa tiba ya Kichina huwaza sindano tu, ilhali hatari iliyofichika zaidi ipo kwenye mitishamba.

Miaka ya mwanzo ya 1990, huko Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakihudhuria kliniki ya kupunguza unene walianza kuharibika figo mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wamepewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mzizi uitwao fangji ulikuwa umebadilishwa, kwa kufanana kwa jina, na mzizi wa mmea mwingine wenye asidi ya aristoloki, sumu inayoua figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Walioathirika walizidi 100, na baadhi yao saratani iliwatokea miaka mingi baada ya kuacha vidonge. Kliniki ile ilikuwa safi, na waliotoa dawa walikuwa madaktari wa tiba ya kisasa. Kilichokosekana ni mtu anayeujua mmea kwa jina lake kamili na kwa sura yake, na anayejua ni upi hauwekwi mahali pa mwenziwe.

Mtahiniwa wa leseni China hukariri tangu mwanzo orodha ya dawa 18 zinazopingana: kwamba mzizi mtamu wa gancao, unaowekwa karibu katika kila mchanganyiko, hauchanganywi na gansui, kwamba wutou, mzizi wenye sumu kali ya moyo, hauchanganywi na banxia. Hujifunza pia kwamba fuzi, ndugu wa wutou, huchemshwa kwanza peke yake kwa muda mrefu ili sumu yake ipungue, ndipo nyingine zitiwe. Anayemwandikia mgonjwa fuzi bila kumweleza hayo anaweza kumuua kwa sufuria ya jikoni kwake mwenyewe. Mimi hupokea dirishani watu wenye presha na kisukari ambao wanatumia mitishamba pamoja na dawa za hospitali bila kumwambia yeyote. Tabibu anayekuja na ule upande wa tiba ya kisasa alioutaja Mhitimu atawauliza, na atajua lini amwache mgonjwa na lini amrudishe hospitali.

Kuhusu Australia na Marekani nitasema machache. Australia ilianza kusajili watu wa tiba ya Kichina nchi nzima Julai 2012, baada ya jimbo la Victoria kutangulia kwa sheria yake ya mwaka 2000, nao hutenganisha mtu wa sindano, mtu wa mitishamba na mtoaji wa dawa za mitishamba. Kigezo cha Kiingereza ni kikali. Marekani kila jimbo lina sheria yake. Nevada ilikuwa ya kwanza mwaka 1973, majimbo mengi hutumia mitihani ya chombo kilichoanzishwa mwaka 1982 na kilichojulikana kwa miaka mingi kama NCCAOM, na California ina mtihani wake yenyewe. Hong Kong wana mtihani wa sehemu mbili, wa kuandika na wa kliniki. Kila mmoja wa mitihani hii umewekwa kwa ajili ya mtu anayetaka kufanya kazi pale pale. Mtu anayekusudia kutibu Tabata akitumia miaka na fedha kutafuta leseni ya California, mimi nitaona amepotezwa njia na huyo rafiki.

Kaka wa Tabata

Bibi Afya, shikamoo. Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimewasomea wazazi majibu yenu jana usiku, na baba ameniagiza niulize jambo moja tu, hasa kwa Mhitimu wa Nanjing. Ikiwa mwaka wa vitendo utashindikana kwa sababu ya kibali au fedha, je, kuna njia yoyote ya yeye kurudi sasa bila kupoteza yale yaliyo kwenye mtihani huo?

Mhitimu wa Nanjing

Ipo, kaka, ingawa ni ngumu zaidi kwa sababu inategemea nidhamu yake mwenyewe. Mtaala wa mtihani huchapishwa, na vitabu vya mazoezi vinauzwa kila mahali kule. Arudi navyo, kwani ni vigumu sana kuvipata hapa. Miezi aliyobakiwa nayo kwenye mafunzo ya hospitali aombe azunguke idara ya sindano na chumba cha dawa, asikae tu kliniki ya wagonjwa wa nje kumwandikia daktari maelezo yao. Chumba cha dawa kina faida kubwa: ashike kila mzizi, aunuse, aukate, auone ukiwa mbichi na ukiwa umesindikwa, kwa sababu alichokisema Mfamasia kuhusu fangji hakijifunzwi kwenye picha. Amwombe daktari anayemsimamia amwandikie kwa kina ni mbinu zipi amezifanya kwa mkono wake na ni zipi amezitazama tu, na barua hiyo aiweke pamoja na karatasi alizozitaja Bibi.

Akifika Dar es Salaam asifungue kliniki mara moja. Aanze kwa kufanya kazi chini ya mtu aliyesajiliwa wakati maombi yake yanashughulikiwa, na kwa muda huo ajiepushe na pointi za mabegani na kifuani zilizo juu ya mapafu. Jianjing, iliyo juu ya bega, hupendwa sana na wagonjwa wenye shingo ngumu, lakini sindano ikizama mno pale hutoboa pafu, na tatizo huweza kujitokeza mgonjwa akiwa ameshaondoka. Sindano ziwe za kutumika mara moja na kutupwa kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali, mgonjwa akiona.

Lakini kwanza aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni wiki hii akaulize kuhusu kibali. Kuna hospitali zinazopokea wahitimu wa nje kwa mwaka wa vitendo na kuwapa posho ndogo, na maombi hufanywa kabla ya mahafali. Akishapata jibu, mwambie aniandikie hapa. Nitamweleza jinsi nilivyojaza fomu zangu.